Kostimu ya Mukwe na Karatasi ya Selibateri

Nianze kwa kukiri, maana katekista asiyekiri makosa yake hana haki ya kuwafundisha wengine kuungama. Mimi, Mualimu Mukendi, mzee wa miaka sabini na kitu, niliyefundisha katekisimu katika Kenya (si ile nchi, ni komini, yaani mtaa wenye ofisi yake ya serikali) hapa Lubumbashi kwa miaka arobaini, ndiye yule mzee aliyesimama nje ya dirisha la ofisi ya komini akiwa amevaa kostimu mpya (suti, wengine mnaiita) na kushika kamba ya mbuzi, akitoa ushahidi wa ndoa ya binti yake mbele ya watu wote waliokuja kutafuta vyeti vya kuzaliwa. Kama ulisikia habari hiyo barabarani, ulisikia kweli. Kama uliambiwa kwamba mbuzi naye alikuwa amevaa tai, hapo waliongeza.

Binti yangu wa mwisho anaitwa Ngalula. Sisi ni watu wa Kasai kwa asili. Baba yangu alikuja huku kwa treni kutafuta kazi, mimi nikazaliwa huku huku, na Kasai yenyewe nimefika mara mbili tu, zote kwa misiba. Ngalula anauza vitenge, na kwa biashara hiyo alivuka mpaka pale Kasumbalesa mara nyingi hadi Mungu akamwonyesha huko Kitwe kijana Mzambia jina lake Mwansa, fundi wa mashine, mpole, anayekwenda kanisani bila kusukumwa. Mwaka uliopita watu wake walikuja nyumbani kwangu na mahari. Walileta kila kitu kilichokuwa katika orodha yetu: vitenge vya mama, sufuria kubwa, viatu, kofia, mbuzi wa mama (huyo mbuzi umkumbuke, tafadhali), na kwangu mimi baba, kostimu. Ilikuwa kostimu ya buluu iliyokolea, yenye vifungo vitatu, na kile kitambaa kidogo chenye jina la kiwanda kilichoshonwa juu ya mkono, ambacho mke wangu alitaka kukikata nami nikamkatalia, kwa sababu mtu akikikata, watu watajuaje kwamba nguo ni mpya? Tukala, tukaomba, tukaimba, na kwetu sisi ndoa ikawa ndoa. Ngalula akaenda kwa mume wake.

Tatizo ni kwamba serikali hazikualikwa kwenye karamu ile. Kwa watu wa uhamiaji wa Zambia, binti yangu alikuwa mgeni tu aliyekuja kutembea. Walimgongea muhuri wa siku za kuhesabika, siku zikiisha anarudi Kasumbalesa, anapita katikati ya yale malori yaliyopanga foleni mpaka hujui mwisho wake, anaingia Kongo, anakunywa chai, anageuka, anagongewa tena. Mara ya mwisho afisa mmoja alimtazama usoni akamwambia kwamba huyu mgeni anatembea sana, na kwamba asiporudi na karatasi kabla muhuri huu haujaisha, hatagongewa mwingine. Ili apate kibali cha kuishi na mume wake, ilibidi ndoa iandikwe mahali. Mwansa akauliza ofisi ya kwao Kitwe, wakamwambia: tutawafungisha ndoa hapa, lakini kwanza mwanamke alete kutoka kwao karatasi inayosema kwamba hajaolewa. Huku kwetu karatasi hiyo watu wanaiita ya selibateri. Inatolewa komini, mbele ya mashahidi wawili wanaomfahamu mtu. Na muhuri wa Ngalula ulikuwa umebaki na wiki moja na nusu.

Shahidi wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa jirani yetu Ilunga, fundi viatu, mtu mwema ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa mteja anayemdai viatu (na hilo peke yake lilitosha kunitia hofu, lakini sikulifikiria).

Asubuhi ile Ngalula alinipa maagizo kama mtu anayempa mtoto barua apeleke.

"Papa, utaweka tu sinyatiri yako. Bakikuuliza kama unaniyua, unasema unaniyua, mi mutoto yako. Basi."

"Mutoto, unataka kunifundisha mimi kusema?"

"Hapana kukufundisha, Papa. Njo kukuomba."

Mke wangu, Mama Kapinga, alikuwa ameshapiga pasi koti langu la kahawia, lile la miaka yote, lenye kiwiko kilichoshonwa. Alilining'iniza mlangoni. "Vaa hii," akasema. "Unaenda ku komini, hauendi ku bukwe, kupokea mahari."

Sasa hapa ndipo lilipo kosa lote, na ni dogo kiasi kwamba naona haya kulitaja: sikuvaa koti la kahawia. Nilijiambia kwamba shahidi anayesimama mbele ya serikali anasimama pia mbele za Mungu, na mbele za Mungu mtu havai kiwiko kilichoshonwa. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba tangu siku ya mahari nilikuwa sijapata nafasi ya kuivaa kostimu siku ya kazi, na kutoka kwangu hadi komini mtu anapita sokoni, kwa mafundi, kwenye makanisa matatu na kwenye kituo cha pikipiki, na wote hao walikuwa hawajaiona. Nikavaa kostimu. Nikavaa na kofia. Tukatembea polepole (mimi ndiye niliyetaka polepole), Ilunga nyuma na sandali zake, Ngalula mbele akigeuka kila mara kutazama saa.

Ofisi ilikuwa imejaa. Kulikuwa na akina mama wenye watoto wachanga, vijana wa pikipiki waliofuata vyeti vya makazi, na mzee mmoja aliyelala huku amekaa wima. Na nyuma ya meza, nani? Madame Mujinga! Nilimfundisha huyo komunyo ya kwanza akiwa hana meno mawili ya mbele. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikaona mlango umefunguka wenyewe.

"Jambo, Mualimu! Weye muzima?"

"Muzima, mwanangu, kwa neema."

Alichukua faili ya Ngalula, akatazama kila karatasi, akauliza Ilunga kama anamfahamu huyu binti, Ilunga akasema anamfahamu tangu alipokuwa anatambaa, akaniuliza mimi kama ni binti yangu, nikasema ni binti yangu. Kila kitu kilikuwa kinateleza kama ugali moto. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa kwa mashine, "hajaolewa" imo ndani, muhuri uko wazi pembeni, kalamu iko hewani. Na Madame Mujinga, kwa wema wake tu, kwa heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu wake, akaniangalia akasema:

"Mualimu, ile kostime! Unapendeza sawa bwana arusi."

Ningesema asante. Neno moja. Nimewahi kuhubiri mara nyingi juu ya ulimi kuwa kiungo kidogo. Lakini nilikuwa nimengoja sifa hiyo tangu nyumbani, sokoni walikuwa wameangalia tu bila kusema kitu, kwa hiyo nikanyoosha mkono ili kitambaa cha kiwanda kionekane vizuri, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni:

"Asanti, mwanangu. Njo mukwe wangu alinivalisha. Bwana ya huyu huyu Ngalula."

Kalamu ilibaki hewani. Kisha ikashuka mezani, taratibu, ikalala.

"Bwana ya nani?"

Ngalula alinifinya kwenye mbavu. Mtu mwenye akili angeelewa kufinywa kule. Mimi nilidhani ananitia moyo.

"Bwana yake! Wa Kitwe! Balikuya na bukwe muzima, Madame, na orodha ikakamilika kutoka juu mpaka chini, muntu asikudanganye kwamba mutoto wa Mualimu Mukendi aliondoka ku nyumba bila kuombwa." Na hapo nikaendelea, Mungu anisamehe, nikaeleza kwamba ndoa ya kweli inaanza kwa wazazi kupatana, na kwamba karatasi ni nzuri lakini haiwezi kuoa mtu, na nadhani nilimtaja hata Abrahamu aliyetuma mtumishi wake kumtafutia Isaka mke. Nilikuwa nafundisha. Watu waliacha kuzungumza ili wasikilize, nami nikaona hiyo ni dalili nzuri.

Madame Mujinga alingoja nimalize. Kisha akageuza ile karatasi ili niisome.

"Mualimu, hapa tunaandika kama huyu mutoto haina bwana. Na weye shahidi unasema iko naye. Sasa iko na bwana ao haina?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliona uso wa Ngalula. Mtu anayekimbilia treni na kuiona inaondoka ana uso ule. Jasho likanishuka ndani ya kostimu, na nguo ile, nikuambie, ni nzuri kwa kutazamwa lakini haipitishi hewa.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema kutoka kwenye benchi, "Kama kostime iko, ndoa iko."

Kijana wa pikipiki, kofia yake ya chuma mapajani, akadakia, "Aba ba-papa! Banataka kuolesha mutoto mara mbili, bavae kostime mbili!"

Watu wakacheka. Na mimi badala ya kunyamaza nikatafuta pa kutokea, na mtu anayetafuta pa kutokea haraka anatokea dirishani. Nikasema:

"Ngojeni, ngojeni. Nilitaka kusema hivi: ndoa ilianza, lakini haikuisha. Mahari haikukamilika. Bado mbuzi ya mama. Na bila mbuzi ya mama, kwa sisi batu ya Kasai, mwanamuke bado iko kwa baba yake. Kwa hiyo ni selibateri. Andika tu."

Nilishangaa jinsi lilivyotoka laini. Miaka arobaini ya kufundisha ukweli, na uongo wangu wa kwanza wa hadharani ukatoka umenyooka kama umepigwa pasi. Madame Mujinga alinitazama, akatazama kalamu. Nadhani alitaka kuniamini. Nadhani hata mkono wake ulianza kusogea.

"Mualimu, unasahau," akasema Ilunga.

Nikamgeukia. Alikuwa amekunja uso kwa huruma, kama mtu anayemsaidia mzee aliyepoteza kumbukumbu.

"Ile mbuzi ilikuya. Tuliikula Jumatatu ya Pasaka. Mi nilikula kichwa. Ulinipatia weye mwenyewe, mu sahani ya bluu."

Sijui niseme nini juu ya kicheko kile. Mzee aliyelala aliamka. Wale waliokuwa nje waliingia kuuliza nini, wakaambiwa, nao wakacheka upya, kwa hiyo nilichekwa kwa zamu. Madame Mujinga peke yake hakucheka. Aliweka mikono juu ya meza, akauliza kwa sauti ile ile niliyokuwa naitumia mimi darasani:

"Mualimu. Amri ya nane inasemaka nini?"

Na mimi, kwa mazoea ya maisha yangu yote, nikasimama wima, nikajibu kwa sauti kubwa na kwa matamshi safi: "Usimshuhudie jirani yako uongo."

"Amina!" likajibu benchi zima.

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema Madame Mujinga. "Nilikosa somo, nikakudanganya kama kambo yangu, mama ya mama yangu, alikufa. Ukanipigisha magoti. Kambo mwenyewe akakuya kunitafuta, akanikuta pale chini." Akavuta pumzi. "Sikupigishi magoti, Mualimu. Lakini hii karatasi siwezi kuisaini."

Akairarua vipande viwili. Sikumlaumu, hiyo ilikuwa alama nzuri kabisa ya somo langu. Kisha akamwita Ngalula karibu na kumweleza kwa upole, nami nikasikiliza kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alisema mlango uko mmoja kati ya miwili. Kama hakuna mume, komini inaandika hakuna mume. Kama familia zilishaozesha, basi ndoa ipo, na kinachotakiwa ni kuiandikisha hapa hapa: mume aje mwenyewe, na shahidi wa upande wake, na shahidi wa upande wetu, na barua ya kueleza kwa nini tulichelewa. Wakishaandikishwa watapewa cheti cha ndoa. Kitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa, na wakikipeleka Kitwe hawahitaji kuoana tena, wanaomba kibali moja kwa moja. Ila huwezi kupita mlango mmoja ukiwa umeacha mguu kwenye mwingine.

"Kumbe ilikuwa njia fupi zaidi," nikasema.

"Ilikuwa fupi kama tungeijua mbele," akasema Ngalula. Hayo ndiyo maneno pekee aliyoniambia mpaka sokoni. Pale karibu na wauza dagaa alisimama. Hakuwa anapiga kelele, ningependa angepiga.

"Papa, nimechoka kugongewa. Kila mara bananiuliza nakuya kutembelea nani. Nasema bwana yangu. Banauliza karatasi iko wapi. Mi niko mugeni ku nyumba yangu mwenyewe. Na muhuri inaisha wiki iyayo."

Nilikuwa nimevaa kostimu iliyonunuliwa na mume wake, katikati ya soko, na nilitamani kuwa nimevaa gunia.

Jioni ile Ngalula alimpigia simu Mwansa ili aje Jumanne. Alimweleza yote, lakini Mwansa alikuwa gereji na mikono yenye oili, kwa hiyo simu ilikuwa kwenye spika, na pembeni yake alikuwa amekaa mjomba wake, Bayama Chanda, aliyekuwa msemaji wao siku ya mahari. Mzee huyo hakusikia habari ya milango miwili. Alichosikia ni kwamba baba wa mke wa mpwa wake amesimama mbele ya serikali ya Kongo akatangaza kwamba mbuzi hakufika. Kwa watu wanaojiheshimu, hilo ni kama kuambiwa umeiba. Mwansa alijaribu kumweleza kwamba ni kuteleza tu kwa ulimi. Mzee akasema, "Nimeelewa," na kwa mzee wa namna ile, neno hilo maana yake ni kwamba mazungumzo yamefungwa.

Mimi niliandika barua ya kueleza kuchelewa. Ilikuwa na kurasa nne (Madame Mujinga baadaye alitumia mistari mitatu). Jumapili nilipopanda kusoma somo kanisani, sauti ya pili ya kwaya yote ilikuwa inaangalia viatu vyake, na mabega yalikuwa yanatikisika. Nikaungama kwa padri. Alinipa malipizi na akanisihi, kama nitaweza, niseme kweli pale pale niliposema uongo. Nikamwambia, "Padri, pale kuna watu wengi." Akasema, "Ndiyo."

Jumanne tulifika komini mapema. Nilitaka kuvaa koti la kahawia, naapa. Lakini Mama Kapinga alisema sasa ni lazima kostimu, kwa sababu mukwe akija na kunikuta nimeiacha nyumbani atadhani nimeikataa pia. Nikavaa. Tulingoja uani. Saa tatu kasoro, mlangoni, nikamwona Mwansa, amepauka kwa vumbi na aibu, na nyuma yake Bayama Chanda amevaa kofia na koti refu, akitembea kama anayeingia mahakamani, na mkononi ameshika kamba, na mwisho wa kamba yupo mbuzi. Mbuzi jike, mweupe mwenye doa jeusi jichoni. Mzee alikuwa ameulizia bei tangu kwao, akaambiwa kwamba mnyama havuki mpaka bila karatasi za daktari wa mifugo, kwa hiyo alivuka kwanza yeye, akamnunua upande huu wa Kasumbalesa, akalipia nafasi ya mbuzi kwenye gari hadi Lubumbashi.

"Mwashibukeni, batatafyala," Mwansa akanisalimu kwa Kibemba, akiniita baba mkwe, magoti yamekunjwa, macho chini.

Mjomba hakusalimu. Alisema, kwa Kibemba pia, ambacho hapa kwetu kila mtu anakielewa (nilitamani sana siku ile kisieleweke):

"Tulisikia kwamba mwenzetu analilia mbuzi mbele ya serikali. Mbuzi huyu hapa. Serikali na imwone."

Akanipa kamba mkononi. Watu uani wakasogea. Nilitaka kusema pale pale, lakini jina la Ngalula likaitwa, na tukasukumana kuingia, na mlinzi akaninyooshea mkono kifuani: "Mualimu unaingia, mbuzi haiingie." Nikatafuta mtu wa kumpa kamba. Ilunga alikuwa ameshaingia. Mwansa, bwana arusi, hawezi kushika mbuzi siku ya ndoa yake. Mjomba alikunja mikono nyuma. Nikijaribu kumfunga mbuzi kwenye nguzo, anavuta. Nikimwachia, anaelekea kwenye ubao wa matangazo na kuanza kula tangazo la chini. Mwisho Madame Mujinga akafungua dirisha.

"Mualimu, baki pale pale. Nitakuuliza kutoka hapa."

Na ndivyo nilivyotoa ushahidi: mimi nje, kichwa dirishani, kofia kwapani, kamba imezungushwa mara mbili kwenye mkono wenye kitambaa cha kiwanda, ndani Ngalula na Mwansa wamesimama bega kwa bega, Bayama Chanda pembeni yao kama shahidi wa upande wao, na nyuma yangu ua mzima, pamoja na yule yule kijana wa pikipiki, ambaye sijui kama ana kazi nyingine.

Madame Mujinga aliuliza majina, akaandika. Aliuliza kama wanataka kuwa mume na mke, wakasema wanataka. Kisha akageukia dirisha.

"Shahidi wa upande wa mwanamuke. Mahari ilipokelewa?"

Nikatazama chini. Mbuzi naye alinitazama. Kisha nikamtazama binti yangu, aliyekuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anasali kwamba baba yake aseme kidogo.

"Ilipokelewa," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

"Na mbuzi ya mama?"

"Alifika siku ile ile, pamoja na vitu vyote. Tulimla, mimi na nyumba yangu na huyu Ilunga. Siku ile niliposema hakufika, nilisema uongo, hapa hapa, mbele yenu. Watu wa Mwansa hawadaiwi kitu. Bayama, naomba unisamehe."

Bayama Chanda, mikono nyuma, alinipima kutoka usoni hadi kofia kwapani (ambayo pia alinunua yeye). Kisha akauliza polepole:

"Kwa hiyo mbuzi wa kwanza alifika."

"Alifika."

"Mlimla."

"Tulimla."

"Alikuwa mtamu?"

"Bayama, alikuwa mtamu sana."

Ilunga akaongeza kutoka ndani, "Zaidi kichwa."

Mzee akaanza kutikisika mabega. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, akaegemea meza ya serikali, akafuta macho kwa kofia yake. Mwansa akacheka kwa woga, Ngalula akafungua macho, na nikasikia nyuma yangu ua wote unacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa na nafasi ya mimi kuingia, nikaingia. Madame Mujinga aligonga muhuri katikati ya kelele hizo. Nilisikia: ko! Sijasikia kengele ya kanisa iliyolia vizuri hivyo.

Tulipotoka nilimrudishia Bayama kamba. "Chukua mbuzi wako, mzee. Hatudaiani."

Akaficha mikono. "Nimpeleke wapi? Kasumbalesa? Binti yako mwenyewe ameteseka mwaka mzima kwa kukosa karatasi ya kuvuka, sasa wewe unataka nivuke na mbuzi?"

Mbuzi akabaki kwangu. Ngalula alivuka mpaka siku mbili kabla muhuri wake haujaisha, na cheti mkononi pamoja na tafsiri yake, na safari hii alipoulizwa anakwenda kumtembelea nani, alisema hatembelei mtu, anarudi nyumbani. Kibali kilichukua miezi, wakaombwa picha mara tatu, lakini kilitoka, na Mungu ashukuriwe, sasa anakuja kwetu anapotaka, hafukuzwi na tarehe. Mimi nimejiwekea nadhiri, na Mama Kapinga ndiye shahidi: nikiitwa ofisini nitavaa koti la kahawia, nitajibu nilichoulizwa, na nikisifiwa nitasema asante, kisha nitafunga mdomo mpaka nifike nyumbani.

Mbuzi sikuweza kumchinja. Watoto wa barabara yetu walimpa jina siku ile ile, wakamwita Selibateri, na jina likashika. Hata padri anapopita anauliza hali ya Selibateri. Mwezi uliopita alizaa mapacha. Ilunga alikuja asubuhi na sandali zake, akawatazama wale wadogo wawili, akamtazama mama yao, kisha akanigeukia mimi, na uso wake mwema umekunjwa kwa kufikiri.

"Mualimu," akasema, "huyu naye haina bwana?"

Sikuwa nimevaa kostimu, wala hakuna ofisi iliyoniuliza, na nadhiri ni nadhiri. Nikaenda kumkatia mbuzi majani.